Wasomaji Wauliza: Kompyuta Inaposema Jingine na Stoo Jingine

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiofahamiana, wenye biashara zisizofanana, lakini karibu zote zinalalamikia jambo moja: data zilizomo kwenye kompyuta zimeacha kuaminika, na hakuna anayejua zilianza kuharibika lini. Nimechagua tano na kuzifupisha. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa sababu baadhi yao wanazungumzia wafanyakazi wao. Ninaposema hifadhidata, nina maana ya mahali programu inapoweka kumbukumbu zake katika majedwali, wala si skrini mnayoiona mbele yenu. Tofauti hiyo itatufaa huko mbele.

SWALI: Ndugu Mshauri, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, lenye kaunta mbili na stoo moja. Miaka miwili iliyopita tuliacha kaunta buku tukanunua programu ya mauzo. Kila mwisho wa mwezi tunapohesabu mifuko ya saruji, kompyuta inasema kuna mifuko mingi kuliko ile tunayoiona kwa macho. Nimekwisha kumfukuza kijana mmoja wa stoo nikidhani anaiba, lakini tofauti haijakoma. Je, kompyuta inaweza kukosea kutoa?

JIBU: Kutoa haikosei, ndugu yangu, lakini inaweza kuambiwa itoe kutoka kwenye namba ambayo imekwisha kupitwa na wakati. Tuseme stoo ina mifuko 40. Karani wa kaunta ya kwanza anafungua ukurasa wa saruji, naye anaona 40. Sekunde hiyo hiyo karani wa kaunta ya pili anafungua ukurasa ule ule, naye pia anaona 40. Wa kwanza anauza mifuko 6, na programu yake inaandika kwamba iliyobaki ni 34. Wa pili anauza 10, na programu yake, ambayo bado inakumbuka 40, inafuta ile 34 na kuandika 30. Stoo imebaki na mifuko 24, kompyuta inaamini ni 30, na ile mifuko 6 inatafutwa mifukoni mwa kijana wa stoo. Hakuna aliyeiba wala aliyebonyeza vibaya, na risiti zote mbili ni halali. Angalia pia kwamba kosa la namna hii, kaunta zote mbili zikiwa zinauza, daima huifanya kompyuta ione mali nyingi kuliko iliyopo, ambayo ndiyo hali unayoieleza.

Kabla hujamwita fundi, fanya jaribio dogo. Kwa siku tatu uzia saruji kwenye kaunta moja tu na uhesabu mifuko kila jioni. Kisha kwa siku tatu nyingine fungua kaunta zote mbili na uhesabu vilevile. Kama tofauti inajitokeza katika zile siku za kaunta mbili peke yake, basi umepata mwizi wako, na yumo ndani ya programu. Katika hali hiyo nadhani yule kijana anastahili kuitwa na kuelezwa.

Dawa yake ina ngazi mbili. Ngazi ya chini ni fundi kubadilisha amri, ili programu isiseme «andika 34» bali iseme «punguza 6 katika kilichopo sasa», na hifadhidata yenyewe ifanye kutoa huko huku imemzuia mwingine kugusa mstari huo mpaka kazi iishe. Ngazi ya juu, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni kuacha kabisa kuandika salio kama namba ya kubadilishwa-badilishwa. Weka jedwali la mienendo ya mali: tarehe na saa, bidhaa, idadi iliyoingia au iliyotoka, aliyefanya, na namba ya risiti. Salio litakuwa jumla ya mienendo hiyo. Wahasibu walilijua jambo hili karne nyingi kabla ya kompyuta, na hata kaunta buku yako uliyoiacha ilikuwa ikifanya hivyo: hukuwa ukifuta «40» na kuandika «34», ulikuwa ukiandika mauzo kila moja kwenye mstari wake.

Kuna jambo la pili ambalo hukuliuliza, lakini kwa mtu wa Busia sitalinyamazia, nalo ni umeme kukatika katikati ya mauzo. Mauzo moja yana hatua kama nne: kuandika risiti, kuandika bidhaa zilizomo, kupunguza stoo na kuingiza malipo. Umeme ukikatika baada ya hatua ya pili, unabaki na risiti isiyopunguza stoo. Hatua hizo zinapaswa kufungwa pamoja kuwa muamala mmoja, ambao ama unakamilika wote ama unahesabiwa kwamba haukutokea kabisa. Hifadhidata nzuri huandika kwanza kwenye daftari lake la ndani kile inachokusudia kufanya, na umeme ukirudi hulisoma daftari hilo, ikakamilisha yaliyothibitishwa na kuyatupa yaliyoishia njiani. Mwaka 1983 wataalamu wawili wa Ujerumani, Theo Härder na Andreas Reuter, waliziandika sifa nne za muamala wa kutegemewa ambazo mafundi wanazikariri hadi leo, na hiyo ya «yote au hakuna» ndiyo ya kwanza. Muulize fundi wako kama programu inatumia miamala. Akisema umenunua betri ya kuhifadhi umeme na hiyo inatosha, usikubali, kwa maana betri inakupa dakika za kuzima kompyuta kwa utaratibu tu, na siku moja itachoka bila kukuarifu.

SWALI: Mheshimiwa, mimi ni katibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Jinja. Tuna wanachama wapatao 900. Mwezi uliopita mama mmoja alikuja analia kwamba akiba yake ya miezi mitatu haionekani, tukaikuta imeingizwa kwa mwanachama mwingine mwenye majina kama yake. Pia kuna watu waliosajiliwa mara mbili. Kamati inataka tutumie namba ya simu kuwa namba ya mwanachama ili jambo hili lisirudie. Unaonaje?

JIBU: Katika Busoga, ambako pacha wa kiume huitwa Waiswa na Tenywa, na wa kike Babirye na Nakato, sishangai majina kugongana. Chama chenye watu 900 kitakuwa na akina Waiswa wa kutosha kujaza benchi mbili. Ongeza hapo kwamba mtu mmoja huandikishwa jina la ukoo likiwa mbele leo na nyuma kesho, kwamba karani mmoja huandika herufi moja mahali mwenzake anapoandika mbili, na kwamba mama aliyejiunga akiwa binti huenda sasa anatumia jina la mumewe. Jina ni la kumwita mtu. Kumtambulisha kwenye hifadhidata haliwezi.

Hata hivyo, siungi mkono namba ya simu. Laini hupotea, huachwa, na ile iliyokaa bila kutumika huuzwa kwa mtu mwingine. Mume na mke hutumia simu moja. Mzee wa kijijini hutoa namba ya mjukuu. Siku mwanachama atakapobadilisha laini, mtalazimika kubadilisha utambulisho wake katika kila jedwali lililowahi kumtaja, na mkisahau moja tu, akiba yake itabaki inamilikiwa na namba isiyo na mtu. Mtu mwingine kwenye kamati atapendekeza namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya herufi na tarakimu 14. Hiyo ni nzuri zaidi, na iandikeni, tena wekeni sharti kwamba haiwezi kuonekana kwa watu wawili. Lakini isiwe ndiyo namba ya mwanachama. Wako wanachama ambao si raia, wako ambao kadi yao haijatoka, na si busara kuchapisha namba ya siri ya namna hiyo kwenye kila kitabu cha akiba.

Tengenezeni namba yenu wenyewe, isiyo na maana yoyote ila kumtambulisha mwanachama, isiyobadilika na isiyopewa mtu mwingine hata mwenyewe akiondoka. Edgar Codd, yule mtaalamu wa kampuni ya kompyuta ya IBM ambaye makala yake ya mwaka 1970 ndiyo msingi wa majedwali haya yote, alitaka kila mstari uwe na kitambulisho chake. Mafundi hukiita ufunguo mkuu, na sharti lake ni mawili: usikose na usirudiwe.

Namba tupu, hata hivyo, haimwokoi yule mama, kwa sababu karani akikosea tarakimu moja bado ataangukia kwa mwanachama mwingine halisi. Hapo ongezeni tarakimu ya ukaguzi. Iko kanuni ya Hans Peter Luhn, naye pia wa IBM, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1960, na ndiyo inayokagua namba za kadi za benki. Tuchukue mfano wa namba 4827. Anzieni kulia: 7 mara mbili ni 14, na kwa kuwa imezidi 9 tunatoa 9, inabaki 5, 2 tunaiacha ilivyo, 8 mara mbili ni 16, tukitoa 9 inabaki 7, 4 tunaiacha. Jumla ya 5, 2, 7 na 4 ni 18, na ili kufika 20 inahitajika 2. Basi namba yake kamili ni 48272. Sasa karani amechoka, saa kumi jioni, foleni imefika mlangoni, naye anaandika 48722. Programu inakokotoa upya, inapata kwamba 4872 ilipaswa kuishia na 8, na inakataa papo hapo kabla fedha hazijaingia popote. Kanuni hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja, na hunasa tarakimu mbili jirani zilizobadilishana nafasi, isipokuwa 0 na 9 tu.

Namba ikikubaliwa, skrini ionyeshe jina na picha ya mwanachama, na karani alisome jina hilo kwa sauti. Najua ni ushauri wa kizamani. Ufuateni.

Kuhusu waliosajiliwa mara mbili, msifute rekodi yoyote. Chagueni namba moja iendelee, hamishieni huko michango yote kwa maingizo yanayoonekana, na ile nyingine iwekeni alama kwamba imefungwa na kwamba mwenyewe yuko kwenye namba fulani. Mwanachama ataleta kitabu chenye namba ya zamani mwaka kesho, na mtashukuru kwamba bado inajulikana.

Onyo moja dogo kwa kamati, kwa kuwa nimeona fomu mliyoniambatishia: mmelazimisha kila kisanduku kijazwe, hadi namba ya simu ya pili. Sehemu inayolazimishwa wakati mtu hana jibu huzaa uongo. Tafuteni kwenye data zenu ni wanachama wangapi wenye simu 0700000000, na mtanielewa. Lazimisheni kile ambacho kila mwanachama anacho kweli, na mengine yaachwe wazi kwa heshima.

SWALI: Mimi ni mhasibu wa kituo cha kukusanyia maziwa nje ya mji wa Mbarara. Wapokeaji wanaandika lita kwenye Excel, mimi ninaziingiza kwenye programu ya malipo, na wafugaji wanalipwa kwa simu. Kila wiki malipo kadhaa yanagoma kwa kuwa namba ya simu si sahihi, na safari hii mfugaji mmoja alilipwa mara kumi ya haki yake. Tarehe nazo zinaruka. Tatizo ni Excel au ni watu?

JIBU: Ni njia iliyo kati ya Excel na programu yako, kwa sababu haina mlinzi. Nitaeleza makosa matatu, maana kila moja lina chanzo chake.

Namba ya simu kwa Excel ni kiasi, kama lita au shilingi, na kiasi hakianzi na sifuri. Ukiandika 0772 na tarakimu zake sita zinazofuata, ile sifuri inaondolewa na inabaki namba ya tarakimu tisa. Ukiwa mwerevu ukaanza na 256, unapata tarakimu 12, na Excel inaionyesha kwa ufupi kama 2.56772E+11; ukihifadhi faili kwa mtindo wa maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato, kinachoandikwa ni huo ufupisho, na zile tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Kabla ya kuandika chochote, iwekee safu hiyo mpangilio wa maandishi. Kwenye hifadhidata nako namba ya simu iwe maandishi yenye sharti: 256 na kufuatiwa na tarakimu tisa, bila nafasi wala alama. Kanuni ni rahisi: namba ambayo huwezi kuijumlisha na nyenzake ukapata maana, si namba.

Tarehe ni mbaya zaidi kwa kuwa hazigomi. Kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inasoma 03/04/2025 kama Machi 4, ilhali mpokeaji alikusudia Aprili 3. Inapofika 13/04 haipati mwezi wa 13, hivyo inaacha kama maandishi. Matokeo yake, siku 12 za kwanza za kila mwezi zinatawanyika mwaka mzima na zilizobaki zinakaa mahali pake bila kuhesabika kama tarehe. Ukikuta mauzo ya maziwa ya mwezi Desemba wakati tuko Aprili, usitafute zaidi. Rekebisha mpangilio wa kompyuta zote za kituo, na kwenye faili andikeni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-04-03. Hakuna nchi inayousoma mtindo huo kwa namna mbili. Na usijilaumu sana kwa jambo hili: wanasayansi wa vinasaba walichoka kuona Excel ikigeuza majina ya jeni kama SEPT1 kuwa tarehe za Septemba, na kufikia mwaka 2020 jopo linalosimamia majina hayo lilikuwa limeamua kubadilisha majina ya jeni zenyewe.

Yule mfugaji aliyelipwa mara kumi, bila shaka alileta lita 18.5 zikaandikwa 185. Sharti la kawaida, kwamba lita ziwe zaidi ya sifuri na zisizidi kiasi fulani, halitamnasa, kwa maana katika kituo hicho hicho yuko mfugaji mkubwa anayeleta 185 kwa haki. Kipimo cha kufaa ni mfugaji mwenyewe: lita zake za leo zikizidi mara mbili ya wastani wa siku zake 14 zilizopita, mstari usikataliwe bali usimamishwe, mpaka mtu wa pili aukubali. Natofautisha kwa makusudi kukataa na kusimamisha. Lita hasi haiwezekani, ikataliwe. Lita nyingi inawezekana, labda ng'ombe watatu wamezaa, basi iulizwe. Sharti kali mno huwafundisha watu kulidanganya.

Tena, usiingize faili moja kwa moja kwenye jedwali la malipo. Mwambie fundi atengeneze jedwali la mapokezi, ambapo faili inashushwa kwanza kama mzigo unavyoshushwa uwanjani kabla ya kuingizwa stoo. Hapo hesabu mambo mawili, idadi ya mistari na jumla ya lita, uyalinganishe na karatasi aliyoitia saini mpokeaji. Yakilingana, mistari iingie. Yasipolingana, hakuna hata mmoja unaoingia. Dakika mbili za kazi hii zingeisaidia Uingereza mwaka 2020, wakati wagonjwa 15,841 wa korona waliachwa nje ya hesabu ya taifa kwa siku kadhaa, kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili ya Excel isiyoweza kubeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilidondoka kimya kimya. Hakuna aliyehesabu iliyotoka na iliyofika.

Mwisho, kila malipo ya simu yaandikwe na namba ya muamala, nayo iwekewe sharti la kutorudiwa. Mtandao ukikwama na mtu akabonyeza «lipa» mara ya pili, hifadhidata itakataa ule wa pili. Shilingi ziwe namba kamili, kwani hapa Uganda senti hatuzitumii. Desimali ziachieni lita.

SWALI: Niko Kampala, nina biashara ya jumla. Fundi aliyenitengenezea programu anasema ameweka ukaguzi wote kwenye skrini, kwa hiyo haiwezekani kuingiza kitu kibaya. Rafiki yangu anasema masharti yawekwe ndani ya hifadhidata. Nimsikilize nani?

JIBU: Rafiki yako. Skrini ni mlango mmoja, na nyumba yako ina mingi: faili za Excel, programu ya simu utakayoitaka mwakani, na fundi mwenyewe anayeingia saa nne usiku kurekebisha jambo kwa amri za moja kwa moja. Sharti lililo ndani ya hifadhidata linawakuta wote hao. Ukaguzi wa skrini ubaki, kwa kuwa unamweleza karani kosa lake kwa lugha ya upole, lakini hauwezi kuwa peke yake.

Somo hili nililipata kwa aibu. Zamani nilifanya kazi kwa msambazaji mmoja wa dawa, na mwenye biashara aliniagiza niondoe wateja ambao hawakununua kwa miaka miwili. Niliwafuta usiku mmoja, nikaenda kulala. Asubuhi ripoti ya madeni ilikuwa imepungua kwa mamilioni ya shilingi, na kwa nusu saa hivi kila mtu alifurahi. Ankara zao hazikuwa zimefutwa. Zilikuwa zimebaki yatima, zikiwa na namba ya mteja asiyekuwapo tena, na ripoti ilikuwa ikionyesha tu ankara zenye mteja. Lau kama kungekuwa na ufunguo wa nje, yaani sharti kwamba kila ankara lazima ielekeze kwa mteja aliyepo, amri yangu ingekataliwa kwenye mstari wa kwanza.

Usitosheke na fundi kukuambia kwamba masharti yapo. MySQL, aina ya hifadhidata ambayo programu nyingi za biashara hutumia, ilikuwa hadi toleo 8.0.16 la mwaka 2019 ikiyapokea masharti ya kukagua thamani bila kulalamika na kisha kuyapuuza. Majedwali yake ya aina ya zamani ya MyISAM hayakujali funguo za nje kabisa. SQLite, aina nyingine ya hifadhidata, nayo huziacha zimezimwa mpaka programu iziwashe kila inapounganishwa. Basi mwite fundi, keti naye, umwombe aingize ankara ya mteja namba 999999 ambaye hayupo, kwa amri ya moja kwa moja bila kupitia skrini. Ikikubaliwa, mazungumzo yenu yamekwisha na kazi imeanza. Afanye hivyo kwenye nakala ya majaribio, tafadhali, si kwenye ile ya kazi.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Sisi tunasambaza mbegu na pembejeo kutoka Arua. Karani alibadilisha wilaya za wateja kwa kuwa mipaka imebadilika, na sasa ripoti za mauzo za miaka ya nyuma hazifanani na zile tulizokwisha kuzichapisha. Tena hatujui nani alibadilisha nini. Tunazo nakala za akiba za kila wiki, tuzirudishe?

JIBU: Marahaba. Msirudishe chochote kwa sasa; mkirudisha nakala ya wiki iliyopita mtapoteza mauzo ya wiki hii. Ifungueni kwenye kompyuta nyingine, mlinganishe wateja wa huko na wa hapa, na mtapata orodha kamili ya waliobadilishwa. Itakuwa pia nafasi ya kujua kama nakala zenu zinafunguka, kwa maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu. Mwaka 2017 kampuni ya GitLab ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake ya kazi, ikagundua saa hiyo kwamba njia zake kadhaa za kuhifadhi nakala hazikuwa zikifanya kazi, na data za karibu saa sita zikapotea. Walikuwa mafundi hodari, na wakakiri hadharani.

Karani wenu hakusema uongo. Madi Okollo ilitengwa na wilaya ya Arua mwaka 2019, Terego ikafuata mwaka 2020, na jiji la Arua lilianza Julai 1, 2020. Kosa ni kulichukulia neno «wilaya ya mteja» kana kwamba halina tarehe. Mteja aliyenunua mahindi mwaka 2018 alikuwa Arua, na ukweli huo haubadiliki hata kama shamba lake leo liko Terego. Wekeni jedwali la anwani lenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, na kwenye kila ankara nakilini wilaya ilivyokuwa siku ya mauzo. Fanyeni vivyo hivyo kwa bei, ambayo kwa pembejeo hubadilika kila msimu: ankara ibebe bei yake yenyewe, isiende kuisoma kwenye orodha ya leo. Majina ya wilaya yenyewe yachaguliwe kutoka orodha moja, yasiandikwe kwa mkono, la sivyo mtakuwa na Madi Okollo ya aina nne.

Kuhusu nani alibadilisha nini, kila mfanyakazi awe na nenosiri lake, na hifadhidata iwe na jedwali la kumbukumbu linalojiandika lenyewe: thamani ya zamani, mpya, aliyebadilisha, saa, na sababu kwa maneno machache. Mtu wa kaunta asiwe na ruhusa ya kuligusa. Ankara iliyokwisha kutolewa isibadilishwe kabisa. Mnaotumia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, mnajua kwamba kosa kwenye ankara hurekebishwa kwa krediti noti, na ankara ya awali ikabaki ilivyo, na huo ndio utaratibu ninaowataka muuige hata katika yale yasiyofika kwa mtoza kodi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 pia inawadai kuweka taarifa za watu zikiwa kamili, sahihi na za wakati, na mteja ana haki ya kutaka yake irekebishwe, hivyo siku mkulima atakapofika kuuliza kwa nini ameandikwa wilaya asiyoijua, karani awe na mahali pa kuangalia.

Anzeni na ule mlinganisho wa nakala wiki hii, kabla nakala ya zamani haijafunikwa na mpya.